Mikato Mitatu ya Ufito

Sebuleni kwa Mzee Ambrosi Nandonde, kijijini Chilangala, kuna fito mbili zimelala juu ya misumari, chini ya kalenda ya kanisa. Mmoja ni wa mwanzi, umenyooka, na rangi yake ya manjano haijafifia sana. Wa pili ni wa mti wa porini, umepinda kidogo katikati, umekuwa mweusi kwa kushikwa. Kila mmoja una urefu wa futi kumi na mbili, unaanzia kwenye kona ya dirisha na kuishia karibu na mlango wa chumbani. Kila mmoja umekatwa mikato mitatu kwa kisu. Ila mikato ya mwanzi imeachana sawasawa, na ile ya ufito mweusi imesogea upande mmoja kama mbuzi wanaokimbia mvua.

Wageni hudhani ni fito za kuangulia mapapai. Vijana hawadhani chochote. Wanaingia, wanauliza kama kuna umeme wa kuchajia simu, wanatoka.

Jioni moja ya mwezi wa kumi mwaka jana, Huruma aliingia na daftari lake la hesabu. Huruma yuko darasa la nne. Ni mjukuu wa Agatha, na Agatha ni mtoto wa Helena, dada yake Ambrosi, kwa hiyo kwa Huruma mzee huyu ni babu, tena babu wa kutaniwa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mbona mdomo umekuwa mrefu hivyo? Umechapwa?"

"Sijachapwa. Nimewekewa kosa." Akafungua daftari. "Tumeambiwa tupake rangi nusu ya pembetatu. Mimi nimepima kwa rula, babu. Kutoka juu mpaka chini ni sentimeta sita. Nikakata kwenye tatu. Tatu juu, tatu chini. Halafu nimewekewa kosa!"

"Mwalimu hakukueleza kosa lako liko wapi?"

"Tuko tisini na wawili darasani, babu. Anaweka kosa, anaenda."

Ambrosi akavaa miwani. Pembetatu ilikuwa imesimama, ncha juu, kitako chini, imekatwa kiunoni kwa mstari mnyofu kabisa, na sehemu ya chini imepakwa rangi ya bluu. Pembeni kuna alama nyekundu ya kosa, imepigwa kwa haraka. Akalitazama daftari, kisha akaligeuza juu chini, ncha ikaelekea sakafuni.

Akaufuata ule mstari kwa ukucha, toka upande huu hadi ule.

"Na mimi nilikosa hapahapa," akasema mwishowe. "Mstari huuhuu. Ila mimi sikuwekewa alama nyekundu. Mimi nilipeleka watu wanne bondeni wiki sita."

*

Watoto wa siku hizi hawaijui Newala ile. Huku juu uwandani tuna upepo mzuri, tuna mikorosho, tuna mchanga mwekundu unaopendwa na muhogo, lakini Mungu maji aliyaacha bondeni. Mama zetu walitoka alfajiri na mitungi, wakateremka njia ya mawe hadi chemchemini, wakasubiri zamu, wakapanda tena jua likiwa limeshapanda kabla yao. Mwanamke wa Newala ulimtambua kwa shingo. Leo limekuja bomba, na bomba likikatika siku tatu watu wanapiga simu redioni kulalamika. Siku tatu!

Waliobahatika walikuwa na kisima cha mvua. Baba yake Ambrosi alikichimba cha kwao mwaka 1965, mwaka ambao korosho zilimnunulia bati. Udongo wetu hauna mawe ya kuushika, na ukichimba shimo lililosimama wima linakuzika. Kwa hiyo alizilaza kuta. Mdomoni kisima kilikuwa na upana wa futi kumi, na kadiri alivyoshuka akawa anakibana, hata chini kabisa, futi kumi na mbili, kilibaki futi tano tu. Akakisakafia kwa saruji, akakifunika kwa magogo na udongo, akaacha tundu la kupitisha debe. Miaka miwili baadaye akafa, na kisima kikabaki mikononi mwa mke wake, Anastasia, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Helena.

Mama Helena hakujua kusoma. Lakini alikuwa na ufito, na ufito ule ulitawala nyumba nne: yake, ya binti yake Helena, na za wadogo zake wawili. Kila Jumapili baada ya ibada aliutumbukiza kisimani, akautoa, akatazama unyevu umefika wapi. Maji yakiwa juu ya mkato wa kwanza, watu waoge nyumbani. Yakishuka chini yake, nguo zikafuliwe bondeni. Yakipita mkato wa pili, ni ya kupikia na kunywa tu. Yakipita wa tatu, ni ya kunywa, na kila nyumba inapewa nusu debe kwa siku. Hakuna aliyebisha. Miaka kumi na minne ufito ule uliwavusha kiangazi hadi mvua, na hawakuteremka bondeni kwa maji ya kunywa hata mara moja.

Ambrosi hakuuona ufito ule ukikatwa. Mwaka ule alikuwa Lupaso kwa mjomba wake, anasoma darasa la tatu. Baba alipofariki alirudi nyumbani, na shule ikaishia hapo.

Ikaishia shuleni, lakini kichwani haikuisha. Mtu aliyenyimwa kitu akiwa na njaa nacho hukitafuta mpaka jalalani, na Ambrosi elimu yake aliipata karibu na jalala. Mwaka 1974, dukani Newala mjini, alimkuta muuza karanga akichana kitabu cha hesabu na kufungia. Alikuwa akichana mbele na nyuma, popote mkono ulipoangukia. Ambrosi akampa kuku mmoja akachukua kilichobaki. Kilianza ukurasa wa kumi na saba, katikati ya kuzidisha, kikapita kwenye sehemu, na ukurasa wa mwisho kabisa ulikuwa na kichwa cha habari "Ujazo", chini yake picha ya sanduku. Basi. Yaliyofuata yalikuwa yameshakwenda na karanga.

Sehemu zilimtesa miezi mitatu. Hakuelewa kwa nini robo ni ndogo kuliko theluthi, wakati nne ni kubwa kuliko tatu. Hakuwa na wa kumuuliza. Alikuwa na muhogo, kisu, na Sultani.

Sultani Likwata alikuwa jirani yake na mwenzake wa jando moja. Kitabu hakukipenda, ila muhogo wa kuchemsha aliupenda sana. Walikaa barazani, Ambrosi anakata, Sultani anakula mfano.

"Umekula nusu," Ambrosi alisema siku moja, "na sasa umekula theluthi. Ngoja nijumlishe. Moja na moja mbili, mbili na tatu tano. Umekula mbili ya tano."

Sultani akafuta mdomo. "Mwalimu. Nilipokula nusu, nilikuwa nimekula nusu?"

"Ndiyo."

"Nikaongeza na hiyo theluthi."

"Ukaongeza."

"Na sasa unaniambia sijafika hata nusu. Basi kitabu chako kinanidai muhogo. Lete!"

Ambrosi alicheka hadi machozi, lakini hakulala usingizi mzuri mpaka alipogundua kuwa vipande lazima vikatwe vipya, vyote kwa sita, ndipo vijumlishwe. Kiasi juu, asili chini, na asili ziwe moja. Aliligundua peke yake, barazani, kwa kisu. Hebu nitafutie leo kijana wa chuo anayeweza kusema hivyo.

Kosa lake ni kwamba baada ya hapo aliona ameshamaliza.

*

Mwezi Juni mwaka 1979, kisima kikiwa kimejaa hadi mdomoni, Ambrosi aliutazama ufito wa mama yake kwa macho ya mtu anayejua sehemu. Aliujua toka utotoni, lakini siku hiyo aliupima kwa kamba. Kutoka juu hadi mkato wa kwanza, futi mbili kasoro. Kutoka wa kwanza hadi wa pili, futi mbili na zaidi. Wa pili hadi wa tatu, karibu tatu. Na kutoka mkato wa tatu hadi chini, futi tano kamili! Akasikia aibu kwa niaba ya mama yake. Nyumba nne zinaishi kwa ufito wa kubahatisha!

Akashuka mtelemkoni, akakata mwanzi mzuri, akaupima futi kumi na mbili. Akaugawa kwa nne. Futi tatu, mkato. Futi tatu, mkato. Futi tatu, mkato. Robo tatu, nusu, robo. Akauleta kwa mama yake, ambaye alikuwa anapepeta mtama uani.

"Mama, nimekutengenezea mwingine."

Mama Helena akauchukua, akapitisha kidole gumba juu ya mikato, polepole, toka mwanzo hadi mwisho.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini mikato umeisogeza."

"Nimeiweka sawa, mama. Robo zote ni sawa. Isiyo sawa na mwenzake si robo."

"Mimi nilihesabu madebe, mwanangu."

"Madebe na futi ni hesabu moja tu, mama. Mimi nimeisoma."

Mama Helena akamtazama mwanawe. Alikuwa mtoto wake wa kiume peke yake, aliyejifunza kwa kitabu kilichochanika, na wanawake wenzake kanisani walimwambia, "Mama Helena, kijana wako anasoma kama padri." Akausimamisha mwanzi mlangoni. Ufito wa zamani Ambrosi akautumia kushikilia banda la mbuzi, na kabla Julai haijaisha mchwa walikuwa wameula wote.

Mwaka huohuo ilikuwa zamu ya Agatha kutolewa unyagoni. Kwetu msichana hatolewi na baba yake. Mwenye ngoma ni mjomba. Ambrosi alikuwa na miaka ishirini na saba na hii ndiyo kazi yake ya kwanza ya ujomba. Mwishoni mwa Agosti akatumbukiza mwanzi, akautoa. Unyevu ulisimama kwenye mkato wa katikati, sawasawa, kama umepakwa.

Akawaita wenye nyumba zote nne akasimama mbele yao na kipande cha mkaa.

"Kisima ni madebe mia nane, mama alishahesabu. Tuko nusu. Nusu ya mia nane ni mia nne. Ngoma itakunywa mia moja, zinabaki mia tatu. Kila nyumba ikichukua robo tatu ya debe kwa siku, nyumba nne ni madebe matatu. Mia tatu kwa tatu ni siku mia moja. Kuanzia Septemba mosi, siku mia zinatufikisha Desemba tisa. Mvua iko mlangoni."

Helena akapiga vigelegele. Mama yao hakupiga.

"Mwaka jana wakati huu tulikuwa tumeshaanza nusu debe," alisema taratibu.

"Mwaka jana tulikuwa na ufito mwingine, mama."

Watu wakacheka, na Mama Helena naye akacheka kidogo, akaacha.

Ngoma ile inakumbukwa mpaka leo na waliobaki. Ilikuwa Jumamosi, Septemba mosi. Wali watano, Agatha na wasichana wenzake wa unyago, walitoka wamepakwa mafuta, kanga mpya, macho chini. Wapiga ngoma walitoka mbali kwa miguu na walikaa siku mbili. Hapakuwa na spika la kupasua masikio wala kijana wa kubonyeza muziki. Palikuwa na ngozi, moto wa kukazia ngozi, na mikono. Na maji yalikuwapo! Watu walioga, wageni walinawa miguu, na kila aliyekunywa alisema, "Mjomba wa Agatha ni mtu." Sultani alicheza mpaka shati likachanika, kisha akapiga kelele, "Mwalimu, nipe robo ya maji na theluthi ya wali wa nazi, nitajumlisha mwenyewe tumboni!"

*

Wiki ya pili baada ya ngoma, maji yalishuka upana wa vidole sita. Ambrosi akaandika. Mwishoni mwa Septemba yalishuka vidole saba kwa wiki. Akaandika, akakunja uso. Katikati ya Oktoba, vidole tisa. Nyumba zilikuwa nne zilezile, madebe yalikuwa matatu yaleyale. Mtu akichota sawasawa kila siku, maji yatashukaje haraka zaidi kila wiki?

Kitabu hakikuwa na jibu. Kilikuwa na picha ya sanduku.

Kwanza alidhani kisima kimepasuka. Akashusha taa, akatazama saruji, haikuwa na ufa. Lilibaki jambo moja tu, wizi. Akanunua kufuli, akapigilia mfuniko wa mbao, akafunga tundu la kisima. Jambo hilo halijawahi kuonekana Chilangala, kufunga maji kwa kufuli. Lakini yakaendelea kushuka, shibiri kwa wiki, huku ufunguo uko mfukoni mwake. Hilo lilipaswa kumfundisha kitu. Yeye alifundishika kwamba mwizi ana ufunguo.

Sultani hakuwa na kisima. Kila alfajiri alikatiza uani kwa akina Ambrosi akienda kwenye mikorosho yake, na mara mojamoja Mama Helena alimpa mkewe kibuyu cha maji. Asubuhi moja Ambrosi akamsimamisha njiani, mbele ya watu waliokuwa wanaenda shamba.

"Sultani, maji yetu yameota miguu."

"Yakikimbilia kwangu nitayafungulia mlango," Sultani akacheka.

"Miguu yenyewe naijua."

Sultani akacheka tena, kisha akaona mwenzake hacheki. Akalishusha jembe begani.

"Mwalimu," akasema. "Miguu yangu unaijua toka jandoni. Haijaingia kwenu bila hodi." Akageuka, na kuanzia siku ile akawa anazunguka njia ya mbali kwenda shambani kwake.

Oktoba ishirini na nane, siku hamsini na saba baada ya ngoma, debe la Helena lilitoka na matope. Mwanzi ukagonga saruji. Siku mia moja za Ambrosi zilikuwa zimebaki arobaini na tatu, na kisima hakikuwa na cha kuzilipia.

Hakuna aliyemsema. Angalau wangemsema! Helena na wale mama wadogo wawili walifuta vumbi mitungi ya zamani. Alfajiri iliyofuata Ambrosi aliamka akakuta debe la mama yake halipo mahali pake. Akatoka mbio. Alimkuta njiani mtelemkoni, mwanamke wa miaka hamsini na tano, debe kichwani juu ya ngata ya majani, anashuka kwa kushika mizizi kama alivyoshuka akiwa msichana. Miaka kumi na minne Helena ndiye aliyemfulia nguo bondeni, naye alikuwa ameiagiza miguu yake kuisahau njia ile.

"Mama, nipe debe."

"Kila mtu achukue lake," alisema. "Nyuma yangu kuna jingine, Helena anakuja nalo. Lichukue."

Wanaume hawakubeba maji siku zile. Ambrosi akalichukua. Chemchemini walisubiri zamu, wanawake wakikohoa kicheko, na mmoja akauliza kwa sauti kama mjomba wa Agatha amekuja kuoga.

Wakati wa kupanda walipumzika kwenye bapa la mwamba, nusu ya njia. Ambrosi akatua debe.

"Nikimpata Sultani," akasema, "nitampeleka kwa katibu wa kijiji."

"Muache Sultani. Hakuna aliyeiba."

"Mama, maji yameshuka kwa haraka..."

"Kila mwaka yanashuka hivyo," mama yake alisema. "Juu yanashuka polepole, chini yanakimbia. Kisima chetu ni chembamba chini. Baba yako alikibana. Wewe mwenyewe si uliingia kukisugua ulipokuwa mdogo, ukasema chini panabana kuliko juu?"

Ambrosi akamtazama.

"Mwaka ule wa kwanza," akaendelea, "kilijaa mpaka mdomoni. Kila debe tulilochota niliweka punje ya mahindi kwenye kibuyu. Punje mia mbili zilipofika, nikatumbukiza ufito, nikakata mahali penye unyevu. Mia mbili nyingine, nikakata. Mara tatu. Zilizobaki chini zikatoka mia mbili tena, nami sikuwa na haja ya kukata. Mikato haikukaa sawa, na mimi niliona. Nilisema moyoni, ufito hausemi futi, unasema madebe."

Pale mwambani Ambrosi alikiona kisima kizima kichwani, kipana juu, chembamba chini. Nusu ya ufito wake ilikuwa nusu ya njia ya kwenda chini, haikuwa nusu ya maji. Siku ile ya mkaa hawakuwa na madebe mia nne. Walikuwa na theluthi, au zaidi yake kidogo tu. Aligawa kwa nne vizuri sana. Ila aligawa kitu kisichokuwa chenyewe.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilikuambia nilihesabu madebe." Akaiweka ngata kichwani. "Ukasema umesoma. Nikafikiri labda kitabu kinajua kitu ambacho punje zangu hazijui. Nitwike debe."

Akamtwika. Wakapanda nusu iliyobaki, naye hakuona njia kwa sababu ya machozi, na jasho lilimpa kisingizio.

Debe lake halikufika nyumbani. Alilipeleka moja kwa moja kwa Sultani akalitua mlangoni na kupiga hodi. Sultani akatoka, akalitazama debe, akamtazama na mwenye debe, maji yamemlowesha hadi kiunoni.

"Shilingi ngapi?" akauliza kwa ukali.

"Nimekuja kukuomba radhi. Mwizi ni kisima. Ni chembamba chini." Akamweleza yote, hapohapo amesimama.

Sultani alisikiliza hadi mwisho. Akainama, akachungulia ndani ya debe.

"Hili ni zima au robo tatu?"

"Lilikuwa zima chemchemini."

"Basi robo umeinywesha njia." Akalinyanyua. "Ingia, Mwalimu. Na hilo kufuli lako niletee, nikifunge hicho kisima mikono, kisiibe tena."

Mvua ilinyesha Desemba kumi na mbili. Wiki sita na siku tatu walikuwa wameteremka. Mama Helena hakukosa hata siku moja, na goti lake la kulia halikupona tena sawasawa. Kila alipopiga magoti kanisani mwanawe alitazama pembeni. Kisima kilipojaa, Ambrosi akakata ufito mpya porini, mti kama ule wa zamani, akakaa na mama yake mwaka mzima na kibuyu cha punje. Yeye akachota, mama akahesabu, yeye akakata. Mikato ikasogea juu, palepale ilipokuwa ile ya zamani. Wa mwanzi akautundika ukutani, asije akausahau.

*

Mama Helena alifariki mwaka 1991. Sultani naye amekwenda, miaka minane sasa, na hakuna tena Chilangala mtu anayemwita Ambrosi Mwalimu. Kisima kilipasuka, na juu yake limewekwa tangi jeusi la plastiki, pana sawasawa juu na chini. Halimdanganyi mtu. Wala halimfundishi mtu. Likiisha maji wanasema limeisha, wanasubiri bomba.

Huruma alikuwa amesikiliza hadithi yote akiwa ameegemea goti la babu. Sasa alichana karatasi ya katikati ya daftari, akachora pembetatu ileile, akaikata kwa mkasi, kisha akaikata tena kwenye mstari wake wa sentimeta tatu. Akakiweka kile kipembetatu cha juu juu ya kipande cha chini, akakizungushia penseli. Akakisogeza. Akakigeuza. Akakisogeza tena.

"Kinaingia mara tatu!" akapiga kelele. "Babu, juu ni moja, chini ni tatu. Juu ni robo! Mimi nilipaka robo tatu!"

"Ulipaka robo tatu."

"Kwa hiyo nusu ingekuwa chini zaidi ya hapo, upande mpana. Kama mikato ya bibi."

"Kama mikato ya bibi."

Akainuka, akasimama chini ya ufito mweusi, akanyoosha mkono kuugusa, hakuufikia. Ambrosi akaushusha kutoka kwenye misumari. Msichana akapitisha kidole gumba juu ya mikato, polepole, toka mwanzo hadi mwisho.

"Bibi Anastasia aliishia darasa la ngapi?"

"Hakuingia hata la kwanza."

"Halafu akapata yote!" Huruma alilichukua daftari, akaitazama ile alama nyekundu pembeni mwa pembetatu yake. "Sasa nani alimsahihishia?"

Ambrosi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaifuta tena.

"Mimi," akasema. "Nikamwekea kosa."